Roadster ya Tesla: tathmini ya gari lililouzwa kwa tarehe

Aliyetaka Roadster mpya ya Tesla ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 16 Novemba 2017, alitakiwa kutoa arubuni ya dola 50,000 za Marekani, na aliyetaka kuwa miongoni mwa watu 1,000 wa toleo la waasisi alitakiwa kulipa mapema bei yote, yaani dola 250,000. Gari lilikuwa likabidhiwe mwaka 2020. Ninaandika haya mwanzoni mwa 2026, na hakuna mteja hata mmoja aliyepewa ufunguo. Ukiacha waalikwa waliopakiwa kwa dakika chache usiku ule wa uzinduzi, hakuna mnunuzi anayeweza kutusimulia habari za usukani, viti au breki za gari hili. Kwa hiyo nitakachokipima hapa ni kitu pekee ambacho wanunuzi wamekwisha kukilipia, nacho ni tarehe.

Watu walioitwa Hawthorne, California, siku ile walikuwa wameitwa kutazama lori. Tesla ilizindua Semi, lori lake la umeme, na hafla ilipoonekana kufikia mwisho, tela lilifunguliwa na gari dogo jekundu likateremka kutoka ndani yake. Sifa zilizotajwa jukwaani zilikuwa za kushtua: kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kwa sekunde 1.9, mwendo wa juu unaozidi kilomita 400 kwa saa, betri ya kilowati-saa 200, na umbali wa maili 620 kwa chaji moja, ambao ni karibu kilomita 1,000. Mkazi wa Dar es Salaam angekwenda Morogoro na kurudi mara mbili, kisha akabaki na chaji ya kuzungukia mjini. Wakati huo, betri kubwa kuliko zote katika magari ya Tesla ilikuwa ya kilowati-saa 100. Kampuni ilikuwa inaahidi mara mbili ya kile ilichokuwa inajua kukitengeneza, tena ndani ya gari dogo zaidi, kwa muda wa miaka mitatu. Mtu mwenye kupima tarehe alipaswa kuanzia hapo, lakini nakiri kwamba mimi nami nilipotazama ile video niliangalia umbo na magurudumu kama wengine wote.

Mwaka 2020 ulipita bila gari. Januari 2021 Elon Musk, mkuu wa Tesla, alitaja 2022. Septemba mwaka huohuo akasema 2023, kwa sharti kwamba 2022 usiwe na misukosuko mikubwa. Mei 2023 akawaambia wanahisa kwamba anatumaini uzalishaji utaanza 2024. Februari 2024 akatangaza kuwa gari limebuniwa upya, kwamba litaonyeshwa mwishoni mwa mwaka ule na kuanza kupelekwa kwa wateja 2025. Mwishoni mwa 2024 hakukuwa na onyesho. Novemba 2025, mbele ya wanahisa tena, alitaja onyesho la tarehe 1 Aprili 2026 na uzalishaji miezi 12 hadi 18 baadaye, akaongeza kwa mzaha kwamba ameichagua Siku ya Wajinga ili apate pa kujitetea.

Ukizipanga ahadi hizo kwa mfuatano, utaona kwamba kilichohama si mwaka peke yake. Kitenzi nacho kimehama. Mnunuzi wa 2017 aliambiwa mwaka ambao gari lingekabidhiwa. Aliyesikiliza mwaka 2023 alisikia habari za kuanza kuzalisha. Na aliyesikiliza mwishoni mwa 2025 alipewa siku kamili, lakini ni siku ya kuonyesha. Kati ya kuonyesha, kuzalisha na kukabidhi kuna kazi ya miaka, na anayetoa ahadi huwa wazi zaidi kuhusu tarehe pale anapoitaja kwa kitenzi chepesi zaidi. Ndiyo maana siku hizi, nikisoma tangazo la gari lolote la umeme, nasoma kitenzi kwanza.

Nilijifunza hilo kwa fedha zangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliagiza pikipiki ya umeme katika duka moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, nikatoa shilingi 800,000 za kuanzia na kupewa risiti yenye mhuri wa bluu na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu: "mzigo utafika kabla ya Pasaka". Utafika wapi, risiti haikusema. Pasaka ikapita. Nilipopiga simu niliambiwa mzigo uko njiani, na wiki tatu baadaye nikaambiwa mzigo umeingia, basi nikachukua kofia yangu ngumu kwapani na kupanda daladala nikiwa na hakika kwamba nitarudi nyumbani juu ya pikipiki. Kweli zilikuwepo. Nne zilikuwa zimekwisha kutolewa kwenye maboksi, zinang'aa, plastiki bado iko juu ya viti, na chini ya kiti cha kila moja palikuwa na shimo tupu la mstatili, pana kama droo ya meza. Betri zilikuwa zinakuja peke yake, kwa kuwa betri za lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari na zina karatasi zake. Nilikaa juu ya ile pikipiki, nikashika mikono yake, nikabonyeza honi ambayo haikulia, nikashuka. Niliipata Agosti. Muuzaji hakuwa ameniongopea hata mara moja: mzigo ulikuwa umefika, kama alivyosema.

Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa muuzaji wa chombo chochote cha umeme ni kwamba betri ziko wapi leo, na nimegundua kwamba swali hilohilo, likiulizwa kwa kampuni kubwa za dunia, linatenganisha vizuri tarehe za kuaminika na zile za kupambia jukwaa. Nissan ilionyesha gari lake la umeme, Leaf, huko Yokohama Agosti 2009 na kusema itauzwa mwishoni mwa 2010; ilikuwa tayari na kampuni ya betri iliyoiunda pamoja na NEC, na viwanda vya magari vilivyokuwa vikifanya kazi siku zote, na mteja wa kwanza alichukua lake California Desemba 2010. Tesla yenyewe iliwahi kutangulia tarehe yake. Model Y ilionyeshwa Machi 2019 kwa ahadi ya kukabidhiwa kuelekea mwishoni mwa 2020, wateja wakaanza kuipokea Machi 2020, na siri yake haikuwa kubwa: karibu robo tatu ya vipuri vyake vilikuwa vya Model 3, gari ambalo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuteseka nalo na kulizoea.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Xiaomi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiamini. Kampuni ya simu na majiko ya kupikia wali ilitangaza tarehe 30 Machi 2021 kwamba itatengeneza magari, na katika mwaka huohuo mwasisi wake, Lei Jun, akasema uzalishaji mkubwa utaanza nusu ya kwanza ya 2024. Tarehe 28 Machi 2024 SU7 ilitangaziwa bei jijini Beijing, na tarehe 3 Aprili wateja wakaanza kuondoka nayo. Kufikia mwisho wa mwaka ule yalikuwa yamekabidhiwa magari zaidi ya 135,000. Xiaomi haikujaribu kuvumbua betri. Ilinunua kwa CATL na BYD, ambao wanazitengeneza kwa wingi kuliko mtu yeyote duniani, na kabla ya kumwambia mnunuzi siku ya kuchukua gari ilikuwa imekwisha kujenga kiwanda. Halafu Februari 2025 ikaleta SU7 Ultra, gari la milango minne linalotoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa chini ya sekunde mbili, kwa bei ya yuan 529,900. Sifa iliyomfanya mtu atoe dola 50,000 mwaka 2017 leo inapatikana kwa gari lililokwisha kutengenezwa, kwa bei iliyo chini ya nusu ya dola 200,000 ambazo Tesla ilizitaja kwa toleo la kawaida.

Nisije nikaonekana ninaipamba Xiaomi kupita kiasi. Ilipofungua oda za gari lake la pili, YU7, tarehe 26 Juni 2025, ilipokea oda zaidi ya 200,000 katika dakika tatu, na wengi wa walioagiza wakajikuta wakionyeshwa muda wa kusubiri unaozidi mwaka mmoja. Tarehe ya gari la kwanza kutoka kiwandani na tarehe ya gari lako wewe ni vitu viwili, na kampuni huzungumza kwa furaha juu ya ile ya kwanza.

Hapo ndipo habari ya Model 3 inapofaa kukumbukwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ni kisa ambacho ndani yake tarehe ilitimizwa na kuvunjwa kwa wakati mmoja. Ilionyeshwa tarehe 31 Machi 2016, kwa arubuni ya dola 1,000, na ahadi ya kukabidhiwa mwishoni mwa 2017. Tarehe 28 Julai 2017, katika hafla ya kiwanda chake cha Fremont, California, magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa, kwa hiyo kwa karatasi Tesla ilikuwa imewahi. Waliopokea walikuwa wafanyakazi wake. Kampuni ilikuwa imesema itafikia magari 5,000 kwa wiki ifikapo mwisho wa mwaka. Katika miezi mitatu iliyoishia Septemba ilitengeneza 260 kwa jumla. Kizuizi kikubwa kilikuwa kule Nevada, mahali betri zinapopangwa kuwa moduli, ambako roboti zilishindwa kufanya kazi zilizonunuliwa kuifanya. Musk mwenyewe alisimulia baadaye juu ya mashine iliyowekwa kwa ajili ya kuokota mikeka ya nyuzi za kioo na kuitandaza juu ya betri: mashine ilikuwa inashindwa kuushika mkeka, au inauweka mahali pasipo pake, kazi ambayo mkono wa mtu huifanya bila kufikiri, na mwishowe ikaonekana kwamba mkeka wenyewe haukuwa na ulazima. Aprili 2018 alikiri kwamba kutegemea roboti kupita kiasi lilikuwa kosa lake. Magari 5,000 kwa wiki yalipatikana mwishoni mwa Juni 2018, baada ya kampuni kusimamisha hema kubwa nje ya kiwanda cha Fremont na kuongeza mstari wa kuunganisha magari humo ndani. Na lile toleo la dola 35,000, ambalo ndilo lililowapanga watu kwenye foleni, halikuweza kuagizwa hadi Februari 2019.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba ucheleweshaji mara nyingi hautokani na ulaghai wa mtu bali na mkeka. Gari la mfano linatengenezwa na mafundi hodari kumi wenye muda. Gari la mteja linatengenezwa kila dakika na mashine isiyojua inachokifanya, na hakuna anayejua ni mkeka upi utagoma mpaka mashine iwashwe. Swali la haki kwa Roadster, kwa hiyo, ni kama mashine imekwisha kuwashwa. Katika taarifa ambazo Tesla huzitoa kwa wanahisa kila robo mwaka, kuna jedwali linalotaja kila gari na kiwanda chake, na kwa miaka kadhaa mahali pa Roadster pameandikwa kwamba bado hapajaamuliwa. Gari lisilo na anwani ya kiwanda haliwezi kuwa na tarehe.

Kuna upande wa fedha, ambao mashabiki huupita haraka. Wahenga walisema ahadi ni deni, na wahasibu wanakubaliana nao neno kwa neno: katika mizania ya Tesla, arubuni za wateja huwekwa upande wa madeni. Ni deni tamu, kwa kuwa halina riba. Dola 50,000 zilizowekwa mahali panapotoa asilimia 4 kwa mwaka zingekuwa zimepita 68,000 katika miaka minane. Aliyeziweka kwenye Roadster ana 50,000 zilezile. Oktoba 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni ya akili mnemba, aliandika hadharani kwamba ameamua kudai arubuni aliyoitoa mwaka 2018, akaonyesha kuwa barua pepe aliyoituma kwenye anwani ya oda ilikuwa imerudi bila kupokewa; Musk akamjibu kwamba fedha zake zilirudishwa ndani ya saa 24. Hao wawili wana ugomvi wao mrefu usiotuhusu, lakini ile anwani iliyokufa ni jambo ambalo mtathmini hawezi kulipita.

Bei nayo haikai mahali pamoja wakati tarehe inatembea. Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, ilionyeshwa Novemba 2019 kwa bei ya kuanzia dola 39,900 na ahadi ya mwishoni mwa 2021. Ilipokabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023 bei ya kuanzia iliyotangazwa ilikuwa dola 60,990. Aliyeagiza kwa arubuni ya dola 100 hakupoteza kitu kikubwa, lakini pia hakuwa ameshika bei, alikuwa ameshika nafasi tu. Sina sababu ya kuamini kwamba zile dola 200,000 za mwaka 2017 zitafika salama.

Haki ni haki, hata hivyo. Tesla huchelewa, lakini kwa kawaida hufika. Model X iliahidiwa kuanza kuzalishwa mwishoni mwa 2013 na ikaja Septemba 2015; Semi, lile lori lililobeba Roadster tumboni, liliahidiwa kwa 2019 na malori ya kwanza yakakabidhiwa kwa PepsiCo Desemba 2022. Wako waliochukua arubuni na wasifike kabisa. Sono Motors ya Munich ilikuwa na oda zaidi ya 40,000 za gari lake la nishati ya jua, Sion, ilipoufuta mradi Februari 2023, na wateja walikuwa wamekwisha kulipa, baadhi yao bei nzima. Lordstown ya Ohio iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023, na Fisker ikafuata Juni 2024, ikiwaacha hata wale waliopata magari yao wakitafuta vipuri. Mteja wa Roadster angalau anamdai mdaiwa mwenye uwezo wa kulipa.

Sasa hukumu. Tukiichukua ahadi ya Novemba 2025 kama ilivyo, onyesho la Aprili 2026 likiongezwa miezi 12 hadi 18 linatufikisha kati ya Aprili na Oktoba 2027, na kitenzi hapo ni kuzalisha. Model X na Cybertruck zilichelewa kwa takriban miaka miwili kila moja, Semi mitatu, na zote tatu hatimaye zilipata kiwanda kinachojulikana. Kwa maoni yangu, magari machache yatakabidhiwa kwa watu wa karibu na kampuni mbele ya kamera katika 2028, kama ilivyokuwa Fremont, na mtu wa kawaida aliyepanga foleni 2017 asitarajie lake kabla ya 2029. Nikikosea kwa kuwa mkali mno nitafurahi kusahihishwa, hasa na mtu atakayenipakia.

Kwa anayeniuliza kama atoe arubuni leo, jibu ni hapana, na aliyekwisha kuitoa namshauri aidai, kwa sababu foleni ya gari la dola 200,000 haitamkosesha nafasi akirudi baadaye. Kwa ubunifu uliotangazwa ningeipa nyota nne. Kwa tarehe ninaipa moja kati ya tano, nayo ni kwa kuwa fedha zinarudi. Siku Tesla itakapotaja mji wa kiwanda, ikamwuliza mnunuzi anataka rangi gani na kumpa namba ya chasisi, nitaandika tathmini nyingine ya Roadster, na hiyo itaanza na breki.